Mkono Nyuma ya Jukwaa

Atija mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo, maana tunalala nyumba moja na jioni hii tutakula sinia moja. Itakuwa kichekesho kukuandikia hujambo, hali nakusikia kila asubuhi ukigombana na redio ya mama yako. Naandika kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukwambia mara nne wiki hii, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama viatu vyako vinabana. Mama yako ameanza kudhani nimeshikwa na wazimu wa viatu.

Mambo ya chandarua, dawa za malaria, achari ya ndimu na nani wa kumpigia simu ukifika chuoni Nampula, hayo ni ya mama yako. Ameshakuagiza, na kesho atakuagiza tena. Mimi niko hapa Teatro, ukumbi wetu wa michezo, nimekaa kiti cha mstari wa tatu, kile kilichong'oka mkono, daftari liko magotini. Alasiri imepita na mafundi wamekwenda zao. Milango yote imefungwa, lakini upepo wa baharini unapita kwenye yale matundu ya chini na kunipuliza miguu. Umri huu wote nimeshika mwiko wa uashi, na bado jambo hili linanishangaza.

Nianze na hayo matundu, kwa kuwa mji mzima unaamini ni wewe uliyeyagundua.

Unakumbuka siku ile. Dona Celeste alikuwa na wiki moja tu hapa Mocímboa. Helikopta za watu wa gesi zilikuwa zikipita juu ya mapaa kwenda Palma, kila mwenye chumba alikuwa akikipaka rangi apate mpangaji, na wakubwa wa mji pale Município walikuwa wamegawanyika juu ya jengo hili. Wapo waliotaka livunjwe, pajengwe ukumbi wa vioo na mashine za baridi, wageni wakutane humo. Wapo waliosema babu zetu walicheza humu na sisi tulitazama sinema humu, litengenezwe. Ndipo akaletwa dona Celeste, msanifu wa majengo, kutoka Maputo, aseme kama ukumbi huu wa mawe na chokaa unaweza kusimama tena bila kula umeme wa mji. Alitaka fundi anayezijua nyumba za kale. Watu wote wakamwonyesha mimi, mestre Amisi, fundi mkuu. Kireno changu kinatosha kununulia misumari, basi ukaja wewe uwe ulimi wangu.

Ukawa unazunguka ukuta wa upande wa bahari ukiuliza kwa nini chini kuna alama za duara, zimepangana sawasawa, moja kila hatua mbili. Hukungoja jibu. Ulichukua waya ukachokonoa, likatoka bonge la simenti na nyuma yake kipande cha gunia. Ukachokonoa la pili. Halafu ukakimbia nyumbani ukarudi na chetezo cha mama yako, ukakiweka mbele ya tundu, ukatia ubani. Moshi ule haukupanda. Ulilala, ukatambaa sakafuni mpaka jukwaani, ukaingia chini ya mbao, kisha tukauona unatokea kule juu nyuma ya pazia na kutokomea chini ya vigae. Dona Celeste alikaa chini sakafuni na suruali yake nyeupe, akacheka peke yake. Ukanitafsiria: anasema mtu aliyejenga hapa aliufahamu upepo wa mji huu kuliko redio.

Kisha akauliza lile swali. Nani aliyaziba matundu haya, na nani aliyepiga simenti juu ya kuta hizi?

Ukanigeukia ukaniuliza kwa Kiswahili. Na mimi nikasema, "Ni mafundi wa kupita tu. Hatuwajui."

Uliniangalia. Sijui kama ulinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida au ni mimi tu niliyeona hivyo. Halafu ukayasema maneno yangu kwa Kireno, kwa ile sauti yako safi ya darasani, na dona Celeste akayaandika.

Atija, ni mimi. Matundu niliyaziba mimi kwa mikono yangu, na simenti ile niliipiga mimi. Nimelisema sasa. Kalamu haikuvunjika.

Ilikuwa baada ya vita kwisha, wewe ukiwa tumboni mwa mama yako. Simenti ilikuwa inashuka kutoka Mtwara kwa majahazi, na kila mtu alikuwa mgonjwa wa simenti. Ukipiga nyumba yako simenti ulionekana umeamka. Chokaa ilikuwa ya misikiti na ya wazee. Mimi nilikuwa kijana, nina mwiko mpya na kichwa kimevimba. Mkuu wa mji wa wakati ule alipotaka Teatro ipambwe upya, nilikwenda kumwambia kwamba kwa simenti nitampa ukuta ambao hata kucha haitaingia. Akanipa kazi.

Lakini kazi ile, kwa haki, ilikuwa ya Nfaume. Humjui Nfaume wa wakati ule, unamjua huyu mzee mkimya anayekoroga chokaa nyuma ya jengo. Alikuwa rafiki yangu, anakula kwetu, ananizidi miaka miwili tu. Alikuwa mchoma chokaa, kama baba yake, na huyo baba yake ndiye aliyezipaka kuta hizi mara ya kwanza. Nfaume alikuja akanikuta nakoroga simenti kwa mchanga niliouchota pale pale ufukweni, maana mchanga wa mtoni ulikuwa mbali na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Akaninong'oneza, asiniaibishe mbele ya vibarua. Aliniambia jiwe la pwani linakunywa maji kutoka ardhini na chokaa inayaachia yatoke, ukilivika koti zito litatokwa na jasho ndani kwa ndani mpaka liugue. Akaniuliza na matundu nimeyaziba kwa nini. Nikamwambia panya wanapita. Alisema labda, lakini panya hapimi hatua mbili mbili.

Nilicheka. Nilimwita mzee wa mji, mbele ya vibarua wale wale alionisitiri kwao. Hilo la kucheka linanisumbua hata kuliko simenti yenyewe, maana simenti nilikuwa sijui, lakini kucheka nilijua ninachofanya.

Masika mbili zilitosha. Chumvi ilichanua ukutani, lipu ikavimba, ikawa ukiigonga inalia kama debe. Siku moja kina mama walikuwa jukwaani wanafanya mazoezi ya kucheza tufo kwa ajili ya harusi, likaachia bapa zima likaangukia ngoma. Ngoma mbili zilipasuka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo, na bibi yako alikuwa mmoja wao. Mkuu wa mji akatuita wote wawili, mimi na Nfaume, hapa hapa ukumbini, mbele ya watu. Akauliza kosa ni la nani. Nikasema chokaa ya ndani ni mbovu, imeoza, inasukuma simenti yangu.

Nfaume alikuwa amevua kofia ameishika mkononi. Alinitazama, hakunijibu neno. Mpaka leo sijui watu kama yeye wanakitoa wapi kimya kile. Baada ya hapo nani angenunua chokaa iliyooza? Alikaa mwezi mmoja bila mteja, akalibomoa tanuri lake mwenyewe, akahamia Mute kulima mihogo. Mimi nikabandua kilichoanguka, nikapiga simenti nyingine, nikaitwa mestre. Ukakua wewe. Ukasoma, ukavaa, ukala kwa jina hilo.

Sasa nikuulize jambo ambalo limekuwa likinila. Unajua desturi yetu mafundi wa huku: kazi ikiisha, lipu ya mwisho ikiwa bado mbichi, unapiga bismillahi na kuweka kiganja chako mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya ngazi. Mimi cha Teatro nilikiweka nyuma ya jukwaa, mkono wa kushoto. Na mkono wangu wa kushoto unaujua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ukiwa mdogo ulikuwa ukilala umeshika kile kidole cha mwisho, kilichokatwa ncha na mlango wa lori. Mafundi wenye kidole kama hicho hapa mjini hatuko wawili.

Siku moja baada ya dona Celeste kuuliza swali lake, niliwahi alfajiri na tindo na nyundo, nikikusudia kuubandua mkono ule kabla watu hawajafika. Nikakukuta wewe. Ulikuwa umesimama nyuma ya jukwaa, kiganja chako umekiweka juu ya kile cha ukutani, na kidole chako cha mwisho kimezidi. Uliposikia hatua zangu uliutoa mkono taratibu. Ukasema, "Baba, mama anatungoja na chai." Tukaenda tukanywa chai.

Nimelifikiria hilo sijui mara ngapi. Je, ilikuwa mara ya kwanza kuuona? Au ulikuwa umeshauona kabla ya swali la dona Celeste, na ulipolitafsiri jibu langu ulijua unachokibeba? Usiniandikie jibu. Nafikiri nitaliona usoni mwako kesho, na kama sitaliona nitakuwa nimestahili kubaki nikijiuliza.

Mkono sikuubandua. Nilirudi pale mchana na tindo, nikashindwa. Nilibandua upande wake tu, kwa kutaka kujua. Ndani ya simenti yangu nilikuta chokaa ya baba yake Nfaume. Nikaijaribu kwa msumari, msumari ukateleza. Nikaipiga kwa nyundo, ikatoa mlio mkavu, mfupi, wa kitu kizima. Ilikuwa imebebeshwa koti la chumvi miaka yote hiyo na haikuoza. Nilikaa chini pale, mwanangu, nikalia. Kisha nikapanda gari nikaenda Mute.

Mama yako nilimwambia nakwenda kutafuta mbao. Huo nao ni uongo, uutie kwenye hesabu.

Nilimkuta Nfaume kwenye mihogo yake, amezeeka kuliko miaka miwili. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika yote yakapotea, nikamwambia tu kwamba tumeufungua ukuta wa Teatro. Akaliacha jembe.

"Chokaa ya baba ilikuwaje?" akauliza.

"Msumari umegoma," nikamwambia.

"Na ukiigonga?"

"Inalia kavu."

Akakaa juu ya tuta la mihogo. Akatikisa kichwa, na nikaona midomo inamcheza. Nilidhani atanitukana, nami nilikuwa tayari, kwa kweli nilikuwa nalitamani tusi. Kumbe alikuwa anafurahi. Alitaka nimweleze unene wake, rangi yake, kama ina vipande vya kombe ndani, kama imeshika mpaka kwenye kona. Miaka yote hiyo alichokuwa akijiuliza si kwa nini nilimsingizia. Alikuwa akijiuliza kama labda nilisema kweli, kama labda baba yake alikosea kuchoma. Hilo sikulitegemea kabisa. Mimi nilidhani nimemnyang'anya wateja, kumbe nilimtia shaka juu ya baba yake aliye kaburini.

Nikamwomba radhi. Nikamwomba na arudi, maana dona Celeste anatafuta mtu anayejua kuchoma chokaa na nimeshamwambia yupo mmoja tu. Akaniambia, "Nitakuja, nduyangu. Nitachoma, nitaizima kwa maji shimoni, nitangoja iive. Lakini hautapanda ukutani hata mwiko mmoja mpaka useme pale pale uliposemea."

Mengine umeyaona. Dona Celeste alisema matumbawe hai hayaguswi, basi tulikusanya makombe kwenye marundo ya kina mama wanaochokoa chaza, na mawe ya nyumba zilizoanguka zenyewe. Mikoko nayo alikataa isikatwe, Nfaume akaguna, kisha akajaribu kuchomea vifuu na makumbi ya minazi, na tanuri likawaka vizuri zaidi. Siku tatu alikuwa akitembea kulizunguka, amekunja uso, akijifanya hajapendezwa. Wewe ulikuwa ukimuuliza maswali mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yako, na yeye akikujibu kila moja. Boriti tulizitoa zilizooza tu, nzima tukaziacha. Viti vya mvule mmevisugua wenyewe, ninyi vijana. Ukitaka kujua nilichojifunza katika kazi yangu yote, ni hiki: kitu nisichokielewa nilikiziba kwanza, nikauliza baadaye. Kule chuoni watakufundisha kupima na kuchora, na utayaweza. Ukikuta tundu ambalo hulielewi, tafuta moshi kwanza, kama ulivyofanya bila kufundishwa na mtu.

Lakini sijakwambia lililo baya zaidi. Chokaa ile inakaa shimoni miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu mimi nimejificha nyuma ya shimo. Kila Nfaume akinitazama nasema haijaiva bado. Juma lililopita mheshimiwa mmoja wa Município alipita akamwona Nfaume, akakumbuka. Aliniita pembeni akaniuliza kama huyu si yule wa chokaa iliyooza, na kama si afadhali ukuta wa mbele upigwe simenti tu, wageni wasije wakaangukiwa. Alikuwa ameniuliza mimi, mestre, peke yangu, kwa heshima. Nikasema tutazungumza.

Unajua kwa nini sikusema pale pale? Orodha ya bolsa, ya watakaolipiwa chuo, ilikuwa haijabandikwa. Niliogopa kwamba mtu mmoja atamwambia mwingine, na jina la binti wa fundi mwongo litarukwa. Labda ni woga wa kijinga, labda sivyo, nchi hii tunaijua. Orodha ilibandikwa, jina lako la nne kutoka juu, na mimi bado nikakaa kimya siku tano nyingine. Hizo siku tano sina pa kuzisingizia.

Kesho ni siku yake. Saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, lipu ya kwanza inaanza ukuta wa mbele. Atakuwepo dona Celeste, atakuwepo mheshimiwa aamue chokaa au simenti, atakuwepo Nfaume na kofia yake. Gari la kazi linalokupeleka Pemba, ukapande basi la Nampula, linaondoka saa nne. Muda upo.

Nitawaomba waje nyuma ya jukwaa. Nitaweka mkono wangu wa kushoto juu ya ule wa ukutani, wauone wenyewe kidole kwa kidole, na nitasema ni nani aliyeziba, ni nani aliyepiga simenti kwa mchanga wa chumvi, na chokaa ya nani ilisingiziwa. Huenda wakaniondoa kwenye kazi. Sitashangaa, na mama yako nimemwambia mchana huu, ndiyo maana umeona amekaza nazi kwenye mbuzi kama anayegombana nayo. Amesema ningemwambia miaka ile angenipeleka Mute yeye mwenyewe kwa masikio.

Nitasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Nfaume anastahili kusikia katika lugha niliyomsingizia nayo. Na hapo nakuomba wewe, Atija. Simama karibu yangu uyaseme kwa Kireno. Ukiona ni kizito, kataa, sitakulaumu, nitajikongoja na Kireno changu cha misumari. Lakini uongo wangu ulitoka humu ndani kwa sauti yako, na wewe unakwenda zako. Sitaki watu hawa wabaki na sauti hiyo ikisema lile la mafundi wa kupita.

Tukimaliza, Nfaume atapiga mwiko wa kwanza. Halafu nitakubebea begi mpaka kwenye gari, na nikikuuliza habari za viatu, ujue safari hii nauliza viatu kweli.

Ni mimi baba yako,
Amisi, mwenye kidole kifupi.